Muulize Farasi Anachoogopa

Farasi mzima wa kupandwa huwa na uzito wa kilo 450 hadi 550. Mpandaji wake, hata akiwa pande la mtu, ni mzigo mdogo mgongoni mwake, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kumzuia akishaamua kutimka. Ndiyo maana upandaji wote, tangu watu walipoanza kumfuga mnyama huyu maelfu ya miaka iliyopita, umesimama juu ya jambo moja: farasi akubali. Wengi hukubali kwa urahisi. Wengine hukataa, au hukubali leo na kesho wakabadilika. Mfuko wa plastiki ukinasa kwenye uzio, wanaruka kando na kumwacha mpandaji chini. Wakifika kwenye dimbwi la maji, wanagoma. Tandiko likiletwa, wanatetemeka kabla halijagusa mgongo. Farasi wa namna hii hupewa majina haraka: mkorofi, mkaidi, mwenye wazimu. Jina likishapatikana, tiba yake huwa tayari, nayo ni mjeledi, lijamu kali zaidi, au mpandaji mbabe zaidi. Hoja ya makala hii ni kwamba majina hayo hufunika kitu chenye manufaa kuliko vyote, yaani sababu. Hofu ya farasi ina chanzo, chanzo hicho kinaweza kutafutwa, na anayekitafuta kwa subira humpata farasi aliye salama zaidi, mara nyingi kwa muda mfupi zaidi, kuliko yule anayeikandamiza hofu hiyo kwa nguvu.

Tuanze na mwili wenyewe, maana hofu ya farasi ilikuwepo kabla hajakutana na binadamu. Farasi ni mla majani wa nyanda za wazi. Hana pembe, na mateke humsaidia tu pale adui anapokuwa amekwisha kumfikia. Silaha yake ya kwanza ni mbio. Macho yake ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wanyama wa nchi kavu, nayo yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka. Hata hivyo ana sehemu mbili asizoziona: nyuma kabisa ya mkia, na eneo dogo lililo mbele ya paji la uso wake. Hatofautishi nyekundu na kijani kama tufanyavyo sisi. Akitoka kwenye jua kali kuingia gizani, macho yake huchukua muda mrefu kuliko yetu kuzoea, kwa hiyo mlango wa banda ambao kwetu una kivuli tu, kwake unaweza kuwa shimo jeusi. Mwili huu umeumbwa ukimbie kabla ya kuhakikisha. Katika mbuga zenye simba na mbwa-mwitu, farasi aliyesubiri kuhakikisha ndiye aliyeliwa. Waliobaki wakazaa ni wale waliokimbia hata pale majani yalipotikiswa na upepo. Farasi wa leo ni uzao wao. Na mtu anapopanda, anakaa mahali palepale ambapo simba hurukia. La kushangaza si kwamba farasi wachache huogopa, bali kwamba wengi mno hukubali.

Ukishayajua hayo, mambo mengi yanayoitwa ukaidi huonekana kwa sura nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha utafiti uliotumia farasi vijana na kifaa kikubwa cha plastiki cha kuchezea watoto. Farasi waliongozwa kupita mbele ya kifaa hicho mara nyingi, mpaka wakakizoea na kuacha kukijali. Kisha kifaa kilekile kiligeuzwa upande, bila kuhamishwa wala kuongezwa kitu. Farasi waliokuwa wamekizoea wakakishtukia kana kwamba hawajawahi kukiona. Mpandaji asiyelijua jambo hili, akipita njia ileile asubuhi na kurudi jioni, atadhani farasi wake anafanya makusudi: asubuhi alilipita gogo bila shida, iweje jioni alishtukie? Jibu ni kwamba wakati wa kurudi farasi analiona gogo kwa upande mwingine na kwa mwanga mwingine, na kwake hicho ni kitu kipya. Kumchapa hapo ni kumwadhibu kwa kuwa na macho ya farasi.

Wazo hili si la maabara za leo peke yake. Xenophon, Mgiriki aliyekuwa askari wa farasi na aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kitabu kizima juu ya kumtunza na kumpanda farasi. Humo alionya kwamba farasi asishughulikiwe kwa hasira, na alieleza sababu ambayo wataalamu wa leo bado wanaikubali: farasi akiogopa kitu kisha akachapwa, huunganisha maumivu na kile kitu, na safari ijayo hukiogopa maradufu. Alichoshauri ni kumsogeza pole pole mpaka aone mwenyewe kwamba hakuna hatari. Huyu hakuwa mtu wa kudekeza wanyama. Vitani uhai wake ulitegemea utulivu wa farasi aliye chini yake. Naye Plutarch, aliyeandika karne kadhaa baadaye, anasimulia jinsi farasi Bucephalus alivyoletwa kwa Mfalme Philip wa Makedonia kwa bei ya talanta 13, na jinsi alivyokataa kuguswa hata mfalme akaamuru aondolewe. Kijana Alexander, mwana wa mfalme, ndiye aliyeona kwamba mnyama yule alikuwa anakishtukia kivuli chake mwenyewe kilichokuwa kikicheza ardhini. Akamgeuza alielekee jua, kivuli kikaenda nyuma, naye akapanda. Iwe mambo yalikwenda hivyo hasa au masimulizi yaliongeza chumvi, mantiki yake haina kasoro: waliokuwepo wote waliona farasi mbaya, lakini mmoja tu ndiye aliyeuliza anatazama nini.

Swali la kwanza la kuuliza kuhusu farasi anayeogopa kupandwa halihusu tabia yake hata kidogo. Ni hili: anaumwa wapi? Daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, pamoja na wenzake, walikusanya dalili 24 zinazoweza kuonwa farasi akiwa amepandwa: masikio kulazwa nyuma kwa muda mrefu, mdomo kufunguka, mkia kupigwa-pigwa, hatua kukatika, kukataa kwenda mbele, na nyinginezo. Kazi yao, iliyochapishwa mwaka 2018, ilionyesha kwamba farasi mwenye dalili nane au zaidi kuna uwezekano mkubwa ana maumivu ya misuli au mifupa. Nyingi kati ya dalili hizo ndizo ambazo kila siku huitwa ukorofi. Pia kuna tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, kwa kuwa kwa asili yake hula majani muda mwingi wa siku. Akifungiwa bandani na kulishwa nafaka mara mbili tatu kwa siku, asidi hiyo hukosa cha kuyeyusha, na vidonda vya tumbo hufuata. Miongoni mwa farasi wa mbio walio mazoezini, vidonda hivi ni vya kawaida sana. Meno yenye makali, kwato zisizotunzwa, na tandiko linalobana karibu na mabega huongeza orodha. Hakuna mafunzo yanayoweza kumwondolea farasi hofu ya tandiko ikiwa kila tandiko linapokazwa anaumia kweli. Kwa hiyo udadisi huanzia kwa daktari, kwa fundi wa matandiko, na katika ratiba ya malisho, kabla mtu hajafikiria kupanda.

Swali la pili ni juu ya historia yake: alifundishwa nini hapo awali? Mfano mzuri ni farasi wa mbio aliyestaafishwa. Wengi wao huanza mashindano wakiwa na umri wa miaka miwili au mitatu, na miaka michache baadaye hawatakiwi tena uwanjani, ilhali farasi akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 25 au zaidi. Maisha marefu yamebaki mbele yake, lakini yeye anayajua mambo ya uwanja tu. Joki hupandishwa juu kwa kushikwa mguu, mara nyingi farasi akiwa anatembea. Kwa hiyo anapoambiwa asimame kimya huku mtu akipanda kutoka kwenye kiti, hajui anatakiwa kufanya nini. Joki hukunja magoti juu kwa vikuku vifupi. Miguu mirefu inayoning'inia na kumgusa ubavuni ni jambo asilowahi kulihisi. Uwanjani, hatamu zikivutwa na kushikiliwa, farasi huziegemea na kukimbia. Mpandaji mpya anayevuta hatamu kwa woga ili amzuie anampa, bila kujua, ishara ya kuongeza mbio. Zaidi ya hayo, amezoea kukimbia katikati ya wenzake, na leo anapelekwa peke yake porini. Farasi huyu akitimka, amefanya alichofundishwa. Uingereza ilianzisha mwaka 2000 shirika la Retraining of Racehorses kwa ajili ya kuwaandaa farasi hawa kwa maisha mengine, na Marekani ikapata Retired Racehorse Project mwaka 2010, ambalo huandaa mashindano huko Lexington, Kentucky, kwa farasi waliotoka mbioni na kufunzwa upya kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Kenya nayo ina mbio za farasi kwa zaidi ya miaka 100, na uwanja wa Ngong jijini Nairobi unajulikana na wengi. Mahali kama hapo, anayejua zaidi historia ya farasi mara nyingi si mwenye mali bali ni saisi anayemlisha, kumsugua na kumtoa nje kila alfajiri. Mnunuzi mwenye busara humsikiliza saisi kabla ya kutoa fedha.

Swali la tatu ni gumu kuliko yote, kwa sababu linamgeukia anayeuliza: je, farasi anaiogopa hofu yangu? Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, mwalimu Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyeaminika kujua hesabu kwa sababu aligonga kwato mara zinazolingana na jibu sahihi. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakujua hesabu. Alikuwa akisoma mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili wa aliyemuuliza, mabadiliko ambayo mwulizaji mwenyewe hakujua anayafanya. Watu wengi huisimulia habari hii kama kisa cha udanganyifu uliofichuliwa. Mimi naiona kama ushahidi mzito wa uwezo wa farasi kutusoma. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi waliliendeleza jambo hilo kwa njia rahisi. Waliwaomba watu wawaongoze au wawapande farasi kupita njia moja mara kadhaa, kisha wakawaambia kwamba safari ya mwisho mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda kwa kutazamia tishio, na mapigo ya farasi wao, ambao hawakuambiwa lolote, yakapanda pia. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walionyesha farasi 28 picha za nyuso za wanaume wenye hasira na wenye furaha. Mbele ya picha za hasira mioyo yao ilipiga kwa kasi zaidi, nao walielekea kuzitazama kwa jicho la kushoto, kama wafanyavyo wanyama wengi wakikabili kitu kibaya. Mpandaji anayezuia pumzi, anayefupisha hatamu na kukaza mapaja kwa sababu anatazamia balaa, anamthibitishia farasi kwamba balaa lipo. Kumfunza farasi mwoga kunadai basi kwamba mpandaji ajifunze kwanza kupumua hadi mwisho wa pumzi, kulegeza viwiko, na kutazama mbele aendako badala ya kukikodolea macho kitu kinachoogopwa.

Baada ya maswali hayo huja mafunzo yenyewe, na hapa ndipo subira inapopata kazi ya kufanya. Kanuni ya kwanza ni kufanya kazi chini ya kiwango cha hofu. Farasi aliyeinua kichwa juu, akakaza shingo, akatoa macho na kuvimbisha pua, hawezi kujifunza lolote zuri wakati huo. Anayejifunza ni yule anayekitazama kitu kwa wasiwasi kidogo lakini bado anaweza kuteremsha kichwa, kutafuna, na kumsikiliza aliye kando yake. Ikiwa mwavuli unamtisha akiwa hatua tano, mafunzo huanzia hatua 15. Hapo hupewa muda wa kuangalia. Akitulia, anaondolewa, kisha anarudishwa, kila mara kwa umbali unaopungua kidogo. Kanuni ya pili ni wakati wa kuachia. Farasi huelewa kwamba alichokuwa anakifanya pale shinikizo lilipoondoka ndicho kilichotakiwa. Ukiuondoa mwavuli pale anaporuka, umemfundisha kwamba kuruka kunasaidia. Ukiuondoa pale anaposimama na kushusha pumzi, umemfundisha kwamba utulivu unasaidia. Tofauti ya hayo mawili huwa sekunde moja au mbili, na ndiyo maana mkufunzi anahitaji jicho kuliko misuli. Kanuni ya tatu ni kumlipa. Watu wengi humpongeza farasi kwa kumpiga makofi shingoni, lakini farasi wenyewe hawapongezani hivyo. Husuguana kwa meno pale shingo inapokutana na mgongo. Utafiti uliofanywa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba kumsugua farasi mahali hapo hupunguza mapigo ya moyo wake. Mkono unaojua pa kukuna hufanya kazi ambayo makofi hayawezi.

Je, njia hii ya pole pole inafanya kazi kweli, au ni matumaini mema tu? Mwaka 2006 Janne Winther Christensen na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Denmark kwa madume vijana 27 ambao hawakuwa wamefunzwa. Kitu cha kutisha kilikuwa mfuko mweupe wa nailoni uliotikiswa. Kundi la kwanza lilionyeshwa mfuko wote kwa ukamilifu mpaka farasi wazoee. Kundi la pili lilizoezwa hatua kwa hatua, kuanzia kiwango kidogo kisichoshtua. Kundi la tatu lilifundishwa kuunganisha mfuko na chakula. Waliozoezwa hatua kwa hatua ndio walioshtuka mara chache zaidi, ndio waliohitaji vipindi vichache zaidi vya mafunzo, na wote walifaulu, ilhali katika makundi mengine wapo walioshindwa. Matokeo haya yanastahili kusomwa tena na yeyote anayesema hana muda wa kwenda pole pole. Pole pole ndiyo iliyofika mapema. Sababu si ngumu kuielewa: kila farasi anaposhtuka na kukimbia, anafanya mazoezi ya kushtuka na kukimbia. Njia inayopunguza mishtuko inapunguza pia kazi ya kuifuta baadaye.

Kazi hii ikihamia mgongoni, kanuni hubaki zilezile. Farasi anayeelewa chini jinsi ya kusimama, kwenda mbele, kurudi nyuma na kugeuka kwa ishara ndogo, huwa na lugha ya kutumia pale mambo yanapoharibika. Kwa hiyo siku za mwanzo hutumika kwa kutembea naye ukiwa kando, kisha kupanda na kushuka bila kwenda popote, kisha hatua chache za kawaida kabla ya mwendo wa matiti, yaani mbio ndogo, na huo kabla ya shoti, yaani mbio za kasi. Akikutana na kitu kinachomshtua, mpandaji hamlazimishi akikabili ana kwa ana papo hapo. Humgeuza kwa upinde mpana, akampa kazi nyepesi anayoijua, akamwacha atazame kwa mbali, kisha akakaribia tena. Kuwa na farasi mzee mtulivu wa kutangulia husaidia mno, maana mnyama wa kundi husoma mwenendo wa wenzake. Kipindi huishia pale jambo jema lilipotokea, hata kama ni dogo, na hata kama dakika zilizopangwa hazijaisha. Mpandaji pia huandika: siku gani, upepo ukoje, alikula nini, alishtushwa na nini, alitulia baada ya muda gani. Baada ya wiki chache maandishi hayo hufichua mambo ambayo kumbukumbu huyapoteza, kwa mfano kwamba farasi anayedhaniwa kuogopa kila kitu huogopa hasa vitu vinavyotokea upande wake wa kulia.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kumdekeza mnyama. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na farasi anayeachiwa kila akikataa atamtawala mwenyewe. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Farasi anayemsukuma mtu kwa bega, anayeuma, au anayejifunza kwamba kugeuka ghafla kunampeleka nyumbani, ni hatari, na kumvumilia si wema. Lakini subira inayotetewa hapa si kukosa mipaka. Mafunzo ya hatua kwa hatua yana masharti makali kuliko mjeledi: ishara ileile lazima imaanishe jambo lilelile kila siku, kwa kila anayemshika farasi, na jibu sahihi lazima lipate nafuu papo hapo. Anayechapa hupiga anapokasirika na kuacha anapochoka, na farasi hawezi kujua ni lini atapigwa. Mpaka ulio wazi humtuliza mnyama mwoga, kwa kuwa unampunguzia mambo asiyoweza kuyatabiri. Methali ile inamwonya mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe. Haimfundishi mzazi kumtisha mtoto asiyejua kosa lake.

Wengine watasema kwamba nguvu imewahi kufaulu, na historia inawaunga mkono kwa kiasi. Mmarekani John Solomon Rarey, mzaliwa wa Ohio, alipata sifa kubwa Uingereza mwaka 1858 kwa kumtuliza Cruiser, dume lililoogopwa kiasi cha kufungwa chuma mdomoni. Rarey alisifiwa kwa upole, na kweli aliukataa ukatili wa kawaida wa siku zake. Lakini kiini cha mbinu yake kilikuwa kumfunga farasi mguu wa mbele mpaka achoke na kulala chini, kisha kumgusa-gusa mwili mzima pasipo yeye kuweza kuondoka. Farasi aliinuka akiwa ametulia. Utulivu wa aina gani? Majaribio ya Martin Seligman na Steven Maier kwa mbwa, mwaka 1967, yalionyesha kwamba mnyama aliyepata maumivu asiyoweza kuyakwepa huacha kujaribu kuyakwepa hata njia ya kutokea inapofunguliwa. Kwa nje anaonekana ametulia, ilhali ndani amekata tamaa. Mpandaji anayetegemea utulivu wa namna hii yuko hatarini, kwa kuwa dalili ndogo za onyo zimezimwa huku hofu ikiwa bado ipo, na ikirudi mahali pengine au chini ya mtu mwingine, hurudi yote kwa mkupuo. Farasi anayeruhusiwa kuonyesha wasiwasi mdogo humpa mpandaji nafasi ya kuchukua hatua mapema. Kumnyamazisha ni kujinyima taarifa hiyo.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko mengine: si kila farasi anaponyeka. Ni kweli. Wapo wenye maumivu yasiyotibika, na wapo ambao waliyoyapitia yamewaachia hofu ambayo mpandaji wa kawaida hataweza kuiondoa bila kuhatarisha shingo yake. Kofia ngumu kichwani, mwalimu mwenye uzoefu kando, na uwanja uliozungushiwa uzio ni masharti ya lazima katika kazi hii. Na baada ya juhudi za kweli, jibu linaweza kuwa kwamba farasi huyu asipandwe tena, akae malishoni na wenzake, au aende kwa mtu mwenye ujuzi zaidi. Jibu la namna hiyo halimaanishi kwamba udadisi umeshindwa, kwani anayeuliza kwa moyo safi hukubali pia jibu asilolipenda. Aliyekwisha kuamua kwamba lazima farasi apandwe hakuwa anauliza tangu mwanzo. Kuhusu wale wanaonukuu kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, farasi wa mbio wanaoanza kazi mpya wakiwa wakubwa, mwaka baada ya mwaka, ni ushahidi wa kutosha kwamba umri peke yake haufungi mlango.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini, kwa kuwa farasi kwetu ni wachache. Mbung'o, na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, viliwazuia kuenea katika sehemu kubwa ya nchi zetu. Lakini tuna punda. Utafiti wa jenetiki uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba punda alianza kufugwa Afrika Mashariki takriban miaka 7,000 iliyopita, na hadi leo vichochoro vya Lamu, ambako shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kituo cha tiba tangu miaka ya 1980, hutegemea mgongo wake kubeba mchanga, mawe na mizigo ya sokoni. Tofauti yake na farasi ni kwamba punda akiogopa, mara nyingi hakimbii. Husimama kama aliyepigwa msumari, akichunguza. Tabia hiyo imemletea sifa ya ukaidi na fimbo zisizohesabika. Tunasema fadhila za punda ni mateke, bila kujiuliza ni nani aliyetangulia kumpiga mwenzake. Mwenye punda anayeangalia kama kuna kidonda chini ya matandiko, kama mzigo umelala upande mmoja, au kama mbele kuna mfereji ambao mnyama hauoni kina chake, anafanya kazi ileile ya mkufunzi wa farasi huko Uswidi au Kentucky, na anapata faida ileile.

Hoja basi inarudi kwenye mpangilio wa maswali. Desturi imezoea kuanza na swali la nimfanye nini farasi huyu, na kwa kuwa swali hilo halihitaji kumjua farasi mwenyewe, majibu yake huwa vifaa na nguvu. Ushahidi, kutoka kwa askari wa Ugiriki ya kale hadi kwa watafiti wa Denmark, unadai tuanze na anaogopa nini, anaumwa wapi, alifundishwa nini, na mimi mwenyewe namwambia nini kwa mwili wangu. Subira bila maswali hayo ni kungoja tu, na farasi anaweza kungojewa miaka mingi bila kubadilika. Maswali bila subira nayo hukatizwa kabla jibu halijafika. Shule za upandaji zinazowafundisha watoto kushika hatamu zinaweza kuwafundisha pia kusoma masikio, pua na mkia, na wenye mabanda wanaweza kuwalipa na kuwasikiliza masaisi kama wajuzi, maana ndivyo walivyo. Mabadiliko hayo hayahitaji vifaa vya bei kubwa. Yanahitaji watu wakubali kwamba mnyama anayekataa huenda ana sababu, na kwamba kuitafuta sababu hiyo ni sehemu ya kazi ya kupanda, tena sehemu inayomweka hai anayebebwa na kumpunguzia mateso anayembeba.